Mama Ploti na Harufu ya Samaki

Tulipofika Kabuchai kumzika, wenzangu walienda moja kwa moja kwenye hema kuwapa wafiwa pole. Mimi macho yalinipeleka kwanza kwenye ukuta wa veranda, kwenye sanduku la meni swichi, ile swichi kuu inayozima stima ya nyumba nzima. Halikuwa na kufuli. Mlango wake mdogo wa chuma ulikuwa wazi kidogo, ukichezacheza na upepo. Nilisimama pale na kitambaa changu mkononi mpaka mwanamke mmoja akanishika kiwiko na kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea. Sina hakika kama nilimwambia ukweli.

Habari ya kufuli itakuja. Kwanza niseme alikuwa nani kwangu, maana hatukuwa ndugu. Alikuwa mwenye nyumba yetu kule Matisi, Kitale, na sisi wapangaji tulimwita Mama Ploti, mbele yake na nyuma yake. Ploti yenyewe ilikuwa safu mbili za vyumba zilizotazamana, uwanja katikati, mfereji mmoja wa maji, na nyumba yake mbele karibu na geti. Stima yetu sote ilipitia kwenye veranda yake. Mimi nilikaa chumba cha mwisho. Nilifuma sweta za shule kwa mashine ya mkono na kuzipiga pasi, kwa hiyo akaniita Wa Sweta, na nadhani jina langu lingine hakuwahi kulijua. Alizaliwa wapi, mumewe alikufaje, ploti aliipata vipi, hayo wanayo watu wa ukoo. Mchungaji aliyasoma siku ya mazishi na mengi sikuyatambua, nikawa kama mtu anayezika mgeni. Mimi ninachokijua ni mkono wake.

Kila jioni, jua likianza kushuka, alipita chumba hadi chumba. Alibisha, akaingia, akazungumza habari za mvua na bei ya mahindi, na wakati akizungumza alikuwa akigusa ukuta pale soketi ilipo. Hakugusa kwa vidole. Aligusa kwa mgongo wa kiganja, hivi unavyogusa paji la uso la mtoto unapotaka kujua kama ana homa. Alingoja kidogo, akahamia ukuta mwingine. Siku za mvua kubwa, ukuta ukilowa, hakugusa kabisa. Alisimama tu katikati ya chumba akinusa.

Mgeni akihamia kwetu, jioni ya kwanza alidhani mama huyu anachunguza nani amechafua rangi. Wengine walikasirika. Jirani yangu mmoja, mwanamume mwenye maneno, alimwambia siku moja, "Mama, huu ukuta ukipona utatuambia?"

"Ukuta haujawahi kuugua," akamjibu. "Wagonjwa ni nyinyi na makoili yenu."

Koili ni lile jiko la stima la waya unaowaka mwekundu, ambalo aliliharamisha katika ploti, na ambalo karibu kila chumba kililificha chini ya kitanda. Alijua. Aliyekamatwa nalo alifokewa mpaka majirani wa ploti ya pili wakatoka nje kusikiliza. Lakini jioni hiyohiyo aliyefokewa aliletewa sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, iliyofunikwa, ili asilale njaa kwa sababu jiko lake limechukuliwa.

Nilijaribu kumwelewa kwa miaka. Nilisoma mpaka darasa la nane, na kitu nilichopenda shuleni kilikuwa kanuni: ukipewa hiki, fanya kile. Nilitaka Mama Ploti anipe kanuni yake. Lini mtu angoje, lini mtu apige kelele, lini mtu amwite fundi, na lini amwache fundi aendelee na chakula chake. Hakunipa. Kila nilipodhani nimeipata, alifanya kinyume chake.

Stima ikipotea Matisi nzima, vijana walipiga mbinja, watoto wakalia, watu wakatoka na simu zao kama kurunzi. Yeye hakushtuka. "Giza si ugonjwa," alisema. "Rara." Alikuwa Mbukusu, na r na l zilibadilishana viti mdomoni mwake apendavyo, na sisi tulizoea hata tukawa tunaambiana "rara" wenyewe kwa wenyewe. Balbu ikiungua, angekaa wiki nzima bila kuibadilisha. Swichi ya veranda yake ilikatika akaiacha hivyo kipindi chote cha mavuno.

Lakini siku moja nilikuwa napiga pasi, taa ikawaka kwa nguvu, chumba kikawa cheupe, kisha ikafifia, kisha ikawaka tena. Nilifurahi. Nilidhani wameongeza nguvu. Nikasikia patipati zake za mpira zikija mbio uwanjani, na kabla hajafika kwangu alikuwa amegeuka, amerudi kwenye veranda, amezima meni swichi. Chumba kizima kikanyamaza.

"Mama," nikamwambia, "taa ikizima hushtuki, ikiwaka ndiyo unakimbia?"

"Aliyenyamaza amelala," akasema, huku akihema. "Anayepiga kelele peke yake chumbani ndiye mgonjwa."

Alimpigia fundi palepale. Fundi alikuta waya mmoja mkubwa umelegea pale unapoingia kwenye nyumba, akasema ungetuunguzia vyombo vyote, na pengine zaidi ya vyombo. Kwa hiyo nikashika hiyo kama kanuni: taa ikipanda na kushuka, zima, ita fundi. Wiki chache baadaye taa ikatetema mara moja, nikakimbia kwake na mikono ya sweta ikining'inia shingoni. Akaangalia balbu, akaizungusha kidogo kwa kitambaa baada ya kuzima swichi, ikatulia. "Ilikuwa imelegea," akasema. "Kama jino la mtoto." Nikaona aibu, nikamwomba msamaha kwa kumsumbua.

Hapo ndipo alipokasirika. Mimi nilidhani angekasirika kwa kuitwa bure. "Mtu haombi msamaha kwa kuona," akaniambia. "Wewe siku utakayoogopa kunisumbua ndiyo siku tutakayokuzika."

Nikarudi kwangu nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka.

Kamba ya kuanika nguo, ile iliyotuletea watu wa maombi, nayo niisimulie, maana watu wa Matisi bado wanaicheka. Haikuwa kamba, ilikuwa waya, umefungwa kutoka kwenye bati la paa la safu yetu hadi kwenye nguzo ya geti. Asubuhi moja mama mmoja alianika shuka mbichi, akapiga yowe, akasema waya umemuuma. Mwingine akacheka, akagusa, naye akaumwa. Basi. Wanawake hao wawili hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya mambo ya bwana mmoja, na kila mmoja akawa na hakika mwenzake ametupa uchawi kwenye ile kamba. Hakuna aliyefikiria stima, maana kamba haina soketi. Simu ikapigwa kanisani. Kina mama wa maombi wakaja, wamevaa vitambaa vyeupe kichwani, wakaimba, na kiongozi wao akasema sasa tusogee sote tuiwekee mikono.

Mama Ploti alikuwa akitoka sokoni. Aliangusha kikapu getini.

"Msiwekee mikono!"

"Mama Ploti," yule kiongozi akasema kwa upole, "unazuia maombi katika ploti yako?"

"Ombeni! Ombeni sana! Lakini ombeeni hapo mbali. Mungu si kiziwi, anasikia kutoka mbali."

Aliingia kwenye veranda, akazima, akatoka na kiti, akakiweka katikati ya uwanja na kukaa kama askari. Mtu asiguse kamba, mtu asiguse bati, mtu asiguse mfereji. Fundi alikuja wakati wimbo wa tatu au wa nne ukiendelea. Alipanda akakuta waya wa stima umechubuka chini ya bati, na ukingo wa bati unaulalia, na bati ndilo lililoishika kamba. Alipotuonyesha, wale wanawake wawili walitazamana kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Mama Ploti aliinama, akafunga macho, akasema "Amina" kwa sauti, kisha akaanza kuokota nyanya zake.

Nilimuuliza baadaye alijuaje. Akasema hakujua. Nilidhani anajificha, kama watu wakubwa wanavyofanya wakisifiwa.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na pasi ya zamani, ya chuma kizito, ambayo ilimuuma. Nilimwona kwa macho yangu akiigusa na kurudisha mkono haraka. Mpangaji akiwa na birika la stima lililofungwa gundi kwenye waya, alilichukua na kulifungia chumbani kwake, lakini pasi yake mwenyewe iliyokuwa na ugonjwa uleule aliitumia kila Jumamosi kunyoosha nguo ya kanisa. "Inaniuma kidogo tu," alisema. "Tumezoeana." Nikamwambia hata birika la yule jirani walikuwa wamezoeana. Jumamosi iliyofuata alikuja chumbani kwangu na gauni lake mkononi akaniomba nimpigie pasi, na akaendelea hivyo mpaka alipoondoka Matisi. Ile pasi yenyewe hakuitupa. Ilikaa dirishani kwake kama picha ya marehemu.

Mafundi pia aliwachagua kwa namna ambayo sikuielewa. Kulikuwa na kijana hodari mtaani, anapanda nguzo kama paka, anafanya kazi stima ikiwa inapita ili watu wamwone. Hakumruhusu hata kuingia getini. "Fundi asiyezima kwanza," alisema, "huyo ni mgonjwa mwenzako, si daktari." Yule aliyempenda alikuwa mzee mwenye haraka ya kobe, ambaye alifika, akazima, akapima kwa tesita yake kama waya bado una stima, akapima tena, ndipo akaanza kuuliza habari za nyumbani. Wapangaji walimwona anapoteza wakati.

Na kuna mambo ambayo hata huyo mzee hakumwita. Msimu mmoja wa upepo, waya wa barabarani ulikatika kwenye nguzo ukaangukia ua wetu wa michongoma. Mama Ploti alipiga simu kwa watu wa stima wenyewe, kisha akatoka barabarani na mwavuli wake uliofungwa, akasimama mbali kabisa, akawazuia watu. Pikipiki zikageuzwa. Mbuzi wakafukuzwa kwa mawe. Mchungaji wake mwenyewe alipotaka kupita pembeni na gari, alimwinulia ule mwavuli usoni. Mwanamke ambaye kanisani hakuweza kukaa ibada moja bila kutoka nje mara kwa mara alisimama pale bila kusogea mpaka gari la watu wa stima likafika.

Sasa niseme juu ya samaki.

Chumba cha katikati katika safu yetu alikaa mama mmoja aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Mwanamke mtulivu, msafi sana, mwenye kazi yenye harufu. Kuna wakati harufu ya samaki ilijaa safu nzima, asubuhi na jioni, harufu nzito, kama samaki aliyeungua kwenye sufuria. Watu wakaanza kumsema. Kwanza kwa utani, kisha bila utani. Mtu aliacha mlangoni pake sabuni ya kipande. Mwishowe wakamshtaki kwa Mama Ploti, na Mama Ploti, niseme kama ilivyokuwa, akachukua upande wao. Alisimama mlangoni pa yule mama na kumwambia kwa sauti mbele yetu sote apike nje, watu wengine wana vifua.

"Mama Ploti," yule mama akasema, "mimi sijapika omena tangu wiki ile nyingine. Nauza tu. Nikirudi nyumbani hata kuiangalia sitaki. Leo nimekula sukuma wiki, ingia uone sufuria."

Mama Ploti akaingia. Akaiona sufuria. Akatoka, na niliona uso wake ukibadilika. Alitembea mpaka kwenye veranda, akazima meni swichi, kisha akarudi na kuanza kugonga milango kwa ngumi. "Nje! Nje nyote! Bebeni watoto! Wacheni vyombo!" Kulikuwa na manyunyu. Tulisimama uwanjani tumelowa, hatujui tunakimbia nini. Hakuna moshi. Hakuna moto. Yule jirani mwenye maneno akasema, "Ati sasa tunakimbia omena?" Watu wakacheka.

Yule fundi wa polepole alifungua soketi moja baada ya nyingine. Ya chumba kinachopakana na cha yule mama, ambako kijana mmoja alikuwa akificha koili, ilikuwa imeyeyuka upande wa ndani, imekuwa nyeusi, na waya nyuma yake umeliwa mpaka kwenye mbao za dari. Kwa nje ilikuwa nyeupe kama kawaida. Akatueleza kwamba ile plastiki ikianza kujipika ndani ya ukuta, hunuka samaki. Si moshi, samaki. Watu wengi, akasema, hutafuta jirani wa kugombana naye mpaka nyumba inaondoka na moto.

Mama Ploti hakumwomba yule mama msamaha kwa mdomo. Lakini kuanzia wiki hiyo alinunua omena kwake, kila wiki, na sote tulijua hakuweza kula samaki. Alimpa paka. Paka wa Mama Ploti alinenepa hata akashindwa kupita chini ya geti.

"Moto wa kuni hukuita kabla haujala," aliniambia siku hizo, tumekaa kwenye veranda. "Unatoa moshi, unalia, unakuchoma macho. Huu mwingine unakula kimya." Nikamuuliza kama basi kanuni ni harufu ya samaki. Akakubali. Kisha akasema ni joto la ukuta. Kisha akasema ni mlio, ukisikia ukuta unaimba kama nyuki. Kisha akasema ni kitu kikikuuma ambacho hakina haki ya kukuuma. Kisha akasema swichi ikijizima yenyewe na ukiirudisha inajizima tena, usishindane nayo, inajua zaidi yako. Nikamwambia hayo ni mengi. Akasema, "Ni kitu kimoja tu." Ni kipi, hakusema. Aliingia ndani kuchemsha chai.

Alipozeeka, watoto wake walimrudisha Kabuchai, kwa kijana wake mkubwa. Ploti ikapewa mtu wa kuiangalia. Tulisikia habari zake kidogokidogo: ameanguka, amepona, anasahau. Mwaka wake wa mwisho nilimfumia sweta ya rangi ya kahawia, nikapanda gari kwenda kumwona.

Nilifika saa za mchana. Mahindi yalikuwa yameanikwa uwanjani. Mke wa mwanawe alinipokea vizuri, mtoto mgongoni, maharagwe motoni. "Mulembe, Anti. Karibu. Lakini usishangae, mama siku hizi hayuko sana."

Alikuwa sebuleni, anatembea taratibu kandokando ya ukuta. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikamsalimia, akaniitikia kama mtu anayesalimiwa njiani, hakunijua. Kisha akauliza, "Nani anapika samaki?"

"Unaona?" mke wa mwanawe akasema kwa sauti ya chini. "Kila siku. Samaki, samaki. Hatujanunua samaki miezi sasa. Hapa ni maharagwe na mboga. Na akisema hivyo anaenda kuzima meni swichi. Baba watoto ana mashine ya kutotolea vifaranga hapo kona, mayai yakipoa yanakufa. Mama ameshayaharibu mara moja. Sasa baba watoto amefunga."

"Amefunga nini?"

Akanionyesha kwa kidevu. Kwenye veranda, sanduku la meni swichi lilikuwa na kufuli jipya linalong'aa.

"Na ufunguo?"

"Anao yeye. Amepeleka vifaranga Bungoma mjini, anarudi jioni."

Nikarudi sebuleni. Nilinusa. Nasema ukweli, sikunusa samaki. Nilinusa maharagwe, makaa, na vifaranga. Nikamtazama Mama Ploti akipita kandokando ya ukuta. Nyumba ile ilikuwa imeamua kwamba anajishikilia asianguke. Lakini mtu anayejishikilia hushika kwa kiganja. Yeye alikuwa amegeuza mkono. Aligusa kwa mgongo wa kiganja, akangoja kidogo, akasogea.

Sikujua hilo lilikuwa na maana gani. Mkono unaweza kukumbuka kitu ambacho kichwa kimeachana nacho, na bado kitu chenyewe kisiwepo. Nilimpigia simu mwanawe. Aliongea nami kwa heshima. "Shangazi, asante kwa kuja kumwona mama. Lakini mwacheni tu. Ni uzee. Hiyo nyumba nimeitia waya mwenyewe na fundi mzuri. Mayai yamebakisha kidogo yaanguliwe. Nikirudi tutaongea."

Nikakata simu. Alikuwa na haki. Mimi si fundi, si mtoto wa nyumba, na aliyeniambia kuna hatari ni mtu ambaye hakumbuki kwamba ananijua. Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda verandani nikatazama kufuli.

"Mama," nikamwambia mke wa mwanawe, maana sikujua nimwite nani mwingine, "mimi sijui kama kuna kitu. Lakini tuseme kiko. Tuseme ni sasa hivi. Stima utaizimia wapi?"

Alinitazama, kisha akalitazama kufuli. Aliuweka sawa mkanda wa mtoto mgongoni. Akaingia jikoni, nikadhani amekasirika. Akarudi na nyundo, akaiweka juu ya kiti kando yangu.

"Mimi niko jikoni," akasema. "Mimi sijaona mtu."

Sijawahi kuvunja kitu cha mtu. Nilipiga mara kadhaa, na kufuli halikuvunjika, kilichovunjika ni pete ya mlango. Nikazima. Ile mashine ya vifaranga, iliyokuwa ikivuma muda wote bila mimi kuisikia, ikanyamaza. Tulimtoa Mama Ploti nje, tukamketisha kwenye kiti karibu na mahindi, mke wa mwanawe akatoa na watoto wengine, akampigia simu fundi aliye karibu sokoni. Akafunika mayai kwa blanketi.

Fundi huyo alizima tena palipozimwa, ili ahakikishe, nikampenda. Alifungua soketi ya chumba cha Mama Ploti. Safi. Jikoni, safi. Ile ya sebuleni inayolisha mashine, nyuma yake kulikuwa na doa la rangi ya chai, dogo, kama alama ya kikombe.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Joto."

"La sasa?"

Akaigeuza, akainusa. "Dada, inaweza kuwa ya wiki hii. Inaweza kuwa ya miaka, iliunguaungua kidogo ikatulia. Siwezi kukudanganya. Lakini siwezi kuirudisha." Akaweka nyingine, akakaza waya, akaenda.

Mwanawe alirudi kabla ya jua kutua. Alitazama pete iliyovunjika. Alitazama mayai, akayainua moja moja kwenye mwanga, na mengine akayaweka pembeni. Mkewe alimwonyesha ile soketi, yeye akaitupa mezani. Hakunifokea. Alisema tu, bila kunitazama, "Kwa sababu ya pua ya mtu aliyesahau jina langu."

Nimeliwaza doa lile la rangi ya chai mara nyingi, nikiwa nafuma, na siku nyingine ni la miaka, na siku nyingine ni la wiki ile.

Nilienda kumuaga. Alikuwa bado nje, amevaa sweta yangu juu ya nguo zake zote. Nikachuchumaa mbele yake.

"Wametoka wote?" akaniuliza.

"Wametoka, Mama."

"Na watoto?"

"Na watoto."

"Vizuri. Ilikuwa nini?"

"Sijui, Mama. Hata fundi hajui vizuri."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari ya kawaida. "Mimi pia sijui," akasema. "Sijawahi kujua."

"Hata Matisi? Miaka ile yote?"

Hapo alinitazama, na kwa muda mfupi macho yake yalikuwa yale ya verandani, ya mtu anayetaka kukufokea na kukuletea githeri. "Wa Sweta," akasema, "ningekuwa najua, ningeita fundi wa nini?"

Alinyoosha mkono, akaugeuza, akanigusa shavu kwa mgongo wa kiganja. Akangoja kidogo.

"Haya," akasema. "Nenda."